Kamati ya Kumchagulia Cornelius Mahali pa Kula

Kwa miaka sita kazi ya Cornelius Kidiavai ilikuwa kuwaambia watoto wa watu kwamba ni wafupi.

Alisimama chini ya mnara wa mitelezo ya maji, katika hoteli moja kubwa ya michezo upande wa Lusail, nje kidogo ya Doha (jina tuliache, wana mawakili wengi kuliko maboya), ameshika ubao uliochorwa pomboo aliyesimama wima. Mtoto akifika puani mwa pomboo, anapanda. Asipofika, anarudi kwa mama yake akilia, na mama anamkodolea Cornelius macho kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa mtoto mfupi. Alikuwa ametukanwa kwa Kiarabu, Kihindi, Kirusi na Kifilipino, akajifunza kwamba tusi halihitaji mkalimani. Jioni alipanda basi la kampuni hadi kambini, akala wali na dengu juu ya kitanda, mgongo amewapa wenzake watano. Haikuwa chuki. Chumba kilikuwa na vitanda sita na hakikuwa na meza.

Umri wake ulikuwa miaka thelathini na tisa. Mke aliwahi kuwa naye, huko Chavakali, lakini mwaka wa tatu mama huyo alichoka kuolewa na simu, akaenda kwa mwalimu mwenye miguu na mikono. Cornelius hakumlaumu. Alisema tu, siku alipopata habari, "Mwalimu ni mtu mzuri," kisha akaenda kazini kupima watoto.

Basi mwezi wa kumi, katika sherehe ya wafanyakazi, jina lake likachomolewa kwenye ndoo. Mtu ambaye hakuwahi kushinda hata mchezo wa karata alikabidhiwa kadi yenye maandishi ya dhahabu: likizo ya siku mbili katika hoteli hii hii. Chumba, usiku mmoja, mtu mmoja. Michezo yote. Chakula cha jioni, mara moja, watu wawili, katika mkahawa wowote kati ya tisa. Yaani muuza mahindi alituzwa hindi. Kadi ilikuwa itumike kabla Novemba haijaisha, na meneja akampangia Jumanne ya tarehe ishirini na tano.

Ile "watu wawili" Cornelius aliisoma hadi kadi ikaanza kukunjika pembe. Mtu wa pili hakuhitaji kumtafuta. Alikuwa Millicent.

Millicent alikuwa nesi katika kliniki ya meno huko Al Sadd, mtu wa Busia, sauti nzito, kicheko kinachoanza kama kikohozi. Walijuana pale pale mnarani. Kliniki yao ilikuwa imekuja matembezi, na binti wa daktari mkuu akapungukiwa vidole viwili kufika puani. Daktari akaanza kufoka. Millicent, aliyekuwa nyuma amebeba viatu vya watu wanne, akasema kwa Kiswahili bila kugeuza uso, "Kaka, shikilia hapo hapo. Huyu hajaambiwa hapana tangu mwaka jana." Cornelius akashikilia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni, akisubiri gari la kliniki, Millicent alimpigia simu, nao wakazungumza dakika arobaini juu ya mambo ambayo hata wenyewe hawakuyakumbuka Jumapili. Uso kwa uso walikuwa wameonana mara nne. Kula pamoja, hata karanga, bado.

Na sasa Millicent alikuwa amepata kazi Ayalandi. Tiketi yake ilikuwa ya Ijumaa, tarehe ishirini na nane Novemba, siku tatu baada ya ile Jumanne. Cornelius alikuwa na jambo la kumwambia kabla hajaondoka, na hakutaka kulisema kwa simu. Simu ilikuwa imeshamponza mara moja. Alitaka meza, viti viwili, na Millicent upande wa pili asiyeweza kukatika mtandao.

Kambini, Wanjohi wa kitanda cha juu, dereva wa kigari cha kubeba mataulo pale hotelini, aliigeuza kadi mbele na nyuma.

"Na wa pili ni nani?"

"Millicent."

"Ushamwambia?"

"Bado."

"Si umpigie sasa."

"Nimwulize halafu akatae?"

"Akikataa umekataliwa. Kukataliwa ni kama jino, buda, linang'olewa linaisha. Hii yako ya kungoja ndiyo haiishi."

"Kwanza nijue mkahawa mzuri ni upi. Siwezi kumwambia mtu twende kula na sijui tunaenda wapi."

"Cornelius. Umefanya kazi hapo miaka sita."

"Nimefanya nje. Ndani sijawahi."

Hilo lilikuwa kweli. Mikahawa ile tisa aliijua kwa upande wa nyuma tu, kwa harufu ya mabomba ya jikoni. Angeweza kufumbwa macho akakuambia hapa ni kwa Mlebanoni, hapa ni kwa Mjapani, hapa wameunguza. Lakini meza zikoje, taa zikoje, mhudumu anasimama karibu kiasi gani mtu akitaka kusema jambo la siri, hayo hakuyajua.

"Haya," Wanjohi akasema, akigeukia ukuta. "Chunguza. Chunguza mpaka huyo dada atue Ayalandi."

Cornelius akachunguza kwa njia ambayo ni Mkenya wa ughaibuni peke yake angeiona ya busara. Alipeleka jambo lake kwenye kikundi.

Kikundi hicho cha simu, Ustawi wa Ndugu Doha, kilikuwa na watu mia na arobaini na watatu, na kiliundwa kwa kazi moja: mtu wetu akifa huku, afike nyumbani. Kazi hiyo walijua kuifanya, tuwape haki yao. Mwenzao akianguka saa nane mchana, saa tisa kamati imeshaketi. Tatizo ni kwamba tangu Julai hakuna aliyekufa. Kulikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu na msemaji wa familia, wote wazima, wote wamenyoosha mashati, na hawana maiti.

Cornelius aliandika: "Wakuu, habari za jioni. Mtu akitaka kutoka na mwenzake mmoja kwa chakula cha usiku pale kwetu, mkahawa gani ni mzuri?"

Hesabu yake ilikuwa hivi: Millicent yumo kwenye kikundi, ataona, atamwandikia pembeni, "Mwenzako ni nani?", na yeye atajibu, "Wewe." Ni kama mtu anayempenda binti wa jirani, akaruka ua wa jirani, akaenda kutangaza redioni.

Habari ya kadi na Jumanne yake ilikuwa imeshazagaa kikundini, na dakika nne baadaye akaingia Eugene.

Eugene ndiye mwenyekiti, msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi, mtu anayevaa tai hata siku ya kufua. Aliandika: "Bwana asifiwe wanachama." Wanachama thelathini na wanane wakamsifu. "Ndugu yetu Cornelius amebarikiwa. Baraka ya mmoja ni ya wote. Natangaza kamati ndogo ya watu saba kushughulikia jambo hili."

Watu saba, kwa chakula cha watu wawili.

Phoebe, katibu, mtandika vitanda katika hoteli ya Al Sadd, mwanamke asiyependa mambo kukaa bila orodha, akaorodhesha mikahawa yote tisa. Mvua ya majibu ikanyesha.

"Kwa Mjapani mpishi anarusha mayai hewani mbele yako."

"Na akilikosa linaangukia nani?"

"Ile ya samaki msiende. Unamchagua akiwa hai. Sisi watu wa Vihiga hatuli mtu tumeshaangaliana naye."

"Mwitaliano ni chapati imepakwa nyanya. Hiyo hata Phoebe anapika."

"Phoebe hapiki nini, na wewe ulikuja kwangu Pasaka ukala sita?"

"Bafe. Bafe. Bafe. Unarudi mara nne na hakuna mtu anakuuliza umetoka wapi."

"Aki nyinyi," Phoebe akaandika. "Mtu ana mgeni wake wa heshima mnampeleka bafe? Wataongea saa ngapi? Mmoja yuko kwa supu, mwingine yuko kwa nyama, wanapungiana mkono."

Cornelius hakusoma mengi ya hayo. Alikuwa ameubonyeza ujumbe wake mwenyewe kuona majina ya waliousoma. Millicent: saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Ameusoma. Pembeni hakuandika kitu. Akangoja hadi saa tatu, akaangalia tena, kana kwamba mtu anaweza kusoma zaidi.

Jumamosi simu ikalia kama kawaida.

"Naona una kamati," Millicent alisema.

"Ni watu tu wa kusaidia mawazo."

"Hao watu walimfikisha mzee Bakhoya hadi Butere kwa siku tatu, jeneza na maua. Wewe ni kula tu. Watakuweza."

Cornelius akacheka. Kwenye simu zikasikika honi za Al Sadd.

"Wewe unaonaje?" akauliza. "Mjapani au Mlebanoni?"

"Inategemea," Millicent akasema polepole. "Nani anaenda?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, mkeka umetandikwa, na mwenye nyumba amesimama kizingitini na sahani mkononi. Cornelius akavuta pumzi. Akayaona maneno yote matatu, "mimi na wewe", yako pale ulimini, mepesi. Akaona pia, nyuma yake, neno "hapana", na daktari akifoka, na mwalimu wa Chavakali.

"Kamati bado haijaamua," akasema.

"Sawa," Millicent akasema. "Wakiamua utaniambia."

"Nitakuambia."

"Ni Jumanne, sivyo?"

"Jumanne. Saa moja jioni."

"Mmh. Haya. Gari limefika."

Walikuwa wameongea dakika tisa. Cornelius hakusikia gari lolote likifika, lakini alimwambia Wanjohi kwamba mazungumzo yameenda vizuri sana, hata siku ameiuliza mwenyewe. Wanjohi alimtazama kama anavyotazama taulo lililookotwa bwawani ambalo halijulikani ni la nani.

Jumapili wakapiga kura. Bafe ikashinda kwa sitini na moja, kwa sababu watu wengi walipiga kura kwa tumbo la kwao wenyewe, si la Cornelius. Eugene akatangaza matokeo kuwa huru na ya haki. Phoebe ndiye aliyegusa kidonda.

"Sasa kiti cha pili? Cornelius, una mtu? Kama uko na mtu sema tu, hatutakula."

Watu mia na arobaini na watatu wakangoja. Juu ya kioo ikatokea: Cornelius anaandika. Ikapotea. Ikatokea. Ikapotea. Mara tano, mbele ya halaiki, kama mtu anayetoka chooni na kurudi. Mwishowe akaandika: "Bado naangalia."

Aliyeangaliwa alikuwa hewani. Jina lake lilikuwa na kile kidoa cha kijani.

"Wanachama," Eugene akaingia, "kifungu cha tisa cha katiba yetu kiko wazi. Pale ambapo hakuna ndugu wa karibu, mwenyekiti atasindikiza."

"Mwenyekiti, hicho ni cha maiti," Phoebe akaandika.

"Katiba haibagui, katibu."

Vikaanza kumiminika vidole gumba, vya njano, vimesimama. Ishirini, arobaini, hamsini. Cornelius alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ni neno moja, na kwake ndilo neno la kazi. Huwaambia watoto mia mbili kwa siku. Hakuliandika. Alikuwa akingoja mtu mmoja apinge. Katikati ya vile vidole, saa mbili na nusu, kikaja cha Millicent. Kidole tu. Akakikuza kwa vidole vyake viwili hadi kikajaa kioo kizima, na hakikusema zaidi ya kile kilichosema kikiwa kidogo.

"Basi," alimwambia Wanjohi. "Amekubali Eugene aende."

"Amekubali au umemkubalia?"

Cornelius akavuta blanketi.

Jumanne akaingia hotelini kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza. Dada wa mapokezi, ambaye humwita "wewe wa mnara", alimwita bwana mkubwa, akampa juisi ya kijani yenye jani juu, na wote wawili wakaona aibu. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kulaza familia ya watu watano na mito saba. Aliiondoa sita, akaipanga ukutani. Hakujua afanye nini na mikono yake, akatoka.

Alitembea kwenye michezo mchana mzima. Kila alipopita, wenzake wa kazi walisimama wima, kisha wakamtambua, kisha wakakumbuka kwamba kamera zinatazama, wakabaki wima. Familia zilikuwa zimetapakaa kila mahali, baba amebeba mtoto, mama amebeba begi, bibi amebeba lawama. Karibu na kila kibao watu walibishania jambo moja: tule wapi? Baba mmoja Mmisri alikuwa akimsihi mkewe achague chochote, chochote kile. Mke akasema yeye hana shida, popote. Mume akataja mahali. Mke akasema siyo hapo. Cornelius alisimama akawasikiliza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Aliuonea wivu ugomvi ule.

Mnarani siku hiyo alikuwa Fabian, Mganda, ameshika ubao wa pomboo.

"Ssebo, bwana, simama hapa."

"Fabian, wacha mchezo."

"Kanuni ni kanuni, wewe ndiye ulinifundisha." Akampima. "Umepita pua. Panda."

Akapanda. Miaka sita hakuwahi kufika juu. Aliona majengo ya Lusail yamesimama kama meno mapya, akaona barabara inayokwenda kambini, akaona pia pale chini anaposimama kila siku: doa dogo la kivuli kwenye saruji, lisilotosha watu wawili. Akajilaza, akasukumwa, akateremka akipiga kelele ambayo hakujua anayo.

Kila anayefika chini hufanya jambo moja. Akiibuka majini, kabla hata hajafuta macho, hugeuka kumtafuta aliyemwona. Cornelius alikuwa ameliona hilo kwa maelfu ya watu, wazee kwa watoto. Aliibuka, akageuka. Fabian alikuwa ameshampa mgongo, anamkadiria mtoto mwingine.

Saa moja kasoro tano Eugene akafika, suti ya bluu, tai nyekundu, faili kwapani. Kwa nini faili, hakuna ajuaye. Mhudumu akawapeleka kwenye meza ya watu wawili kando ya dirisha, yenye mshumaa. Eugene akauzima mshumaa kwa vidole. "Unaleta joto," akasema. Kisha akasimama, akafunga macho, akaomba kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na turubali na upepo. Meza nne zikanyamaza. Aliombea serikali mbili, akaombea kampuni, na mwishoni, kwa mazoea ya kazi yake, akamwomba Mungu awafariji wafiwa.

"Amina," Cornelius akasema.

"Sasa kula, Kidiavai. Usiniangushe. Wanachama wanatazama."

Na kweli walikuwa wakitazama. Eugene alipiga picha kila kitu: kamba wa baharini, kondoo mzima aliyelazwa juu ya wali, keki zilizopangwa kama kwaya. "Simama hapo kidogo kando ya kondoo. Hapana, rudi nyuma, unamfunika." Katika picha kumi na saba Cornelius alitokea kwenye mbili, na katika moja ya hizo ni kiwiko chake. Kikundini watu walishangilia kila sahani kama bao. "Mwenyekiti ongeza nyama!" "Mwenyekiti usisahau samaki!" Eugene akaongeza, hakusahau. Alikwenda na kurudi mara tano, na kila aliporudi alimkuta Cornelius na sahani ile ile, akilisukuma harage moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Mara ya tano akaketi, akalegeza tai, akapumua.

"Unajua mimi hula wapi kila siku?" akauliza.

"Wapi?"

"Kwenye ngazi za dharura. Ghorofa ya nne. Walinzi wangu wananiogopa, na wakubwa hawanijui." Akafuta midomo. "Jumapili ndiyo mbaya. Nakaa na hii simu nikingoja mtu aandike kitu kikundini. Mkinyamaza siku mbili napatwa na wasiwasi."

"Wasiwasi kwamba kuna mtu amekufa?"

"Hapana," Eugene akasema, akitazama keki. "Kwamba hakuna."

Cornelius alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu tangu Jumapili. Alikuwa hata na maneno tayari. Sasa akayatafuta, hayakuwapo. Akamsogezea chumvi.

Saa mbili kasoro robo Eugene akatazama saa, kwa kuwa basi la kampuni yao halimngoji hata mwenyekiti. Akafunga keki nne kwenye vitambaa vya karatasi, akazitia ndani ya faili. Kumbe ndiyo kazi ya faili. Akamshika Cornelius mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wajane.

"Umewakilishwa vizuri, ndugu yangu," akasema, akaondoka.

Kiti kikabaki kimevutwa nyuma, kitambaa kimetupwa juu yake. Kikundini vidole gumba vilikuwa bado vinamiminika. Cornelius akavipitia kimoja kimoja. Cha Millicent hakikuwapo. Basi akafanya kile alichotakiwa kufanya mwezi mzima uliopita. Akapiga simu.

Iliita mara mbili tu.

"Hujambo, Cornelius."

"Sijambo. Uko kazini?"

"Niko ofu."

"Leo?"

"Nilibadilishana na Mfilipino wangu. Nimemfanyia zamu mbili Jumatatu ili nipate Jumanne." Kukawa na sauti ya zipu ya begi ikivutwa, ikikwama, ikivutwa tena. "Nimekaa tu. Nimefunga begi moja, nimefungua, nimefunga."

Cornelius akatazama dirishani. Nje watu walikuwa wakitoka majini wamejifunga mataulo.

"Mbona hukusema?"

"Niseme wapi? Kwa grupu?"

Cornelius akaisukuma sahani kando.

"Nilikuuliza nani anaenda," Millicent akasema. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomwumiza. "Ukaniambia kamati haijaamua. Mimi ni nani nishindane na kamati?"

"Millicent, mimi nilitaka…"

"Najua. Nilikuwa najua tangu ile jioni umeandika. Saa kumi na mbili na robo hivi. Nilicheka peke yangu kwa basi. Nikafungua mtandao nikasoma menyu zote tisa. Tisa zote, na bei, na picha. Nikajua hadi viatu nitakavyovaa."

"Ungechagua gani?"

"Ile ndogo ya Mturuki, ya nyuma, ina meza sita. Kwa kamati yenu hakuna hata mtu mmoja aliitaja. Wanasema wanaleta mkate ukiwa bado umefura, halafu unaupasua wewe na mwenzako kabla haujanywea."

Cornelius aliujua mkahawa huo. Bomba lake hutoa harufu ya ngano na siagi kila saa kumi na moja jioni, na yeye husimama hapo dakika mbili kabla ya kwenda kwenye basi. Alitaka kumwambia hivyo. Akasema, "Uko pale pale nyuma ya mnara."

"Nimeona kwa ramani."

Mhudumu akaja, akasimama hatua moja kutoka kwenye meza, amefumbata mikono mbele. Kumbe husimama karibu kiasi hicho.

"Kuna jambo nilitaka kukuambia," Cornelius akasema.

"Sema."

Alimtazama mhudumu. Alikuwa kijana wa Nepali ambaye humwona kila siku kwenye basi, na sasa alikuwa akiangalia dari kwa heshima kubwa. Katika simu Millicent alikuwa ameacha zipu. Alikuwa hafanyi kitu chochote. Anasikiliza tu. Ilikuwa ni nafasi ya tatu, na watu wengi hawapewi hata ya pili.

"Safari njema," Cornelius akasema.

Kimya kikakaa hadi akafikiri mtandao umekatika, na haukuwa umekatika.

"Ni hilo tu?"

"Na Mungu akutangulie."

"Asante," Millicent akasema. "Haya basi, Cornelius. Wacha nimalize begi."

Aliiweka simu mezani, kifudifudi. Mhudumu akasogea na kuuliza, kwa Kiingereza chao cha kazini, kama mwenzake anarudi. Cornelius akasema harudi. Mhudumu akachukua sahani ya Eugene, kisu, uma, glasi, kitambaa, akakisukuma kiti ndani hadi kikagusa meza, akapangusa makombo ya upande ule na kuacha ya upande huu. Akamwambia bafe iko wazi hadi saa nne, bwana mkubwa asione haya.

Cornelius akainuka na sahani safi, akajipanga kwenye foleni ya wali. Mbele yake kulikuwa na baba mwenye watoto watatu, nyuma yake bibi mmoja wa Kihindi na mumewe wakinong'onezana juu ya pilipili. Foleni ilisogea. Alipofika kwenye wali, akaushika mwiko, akauweka bila kupakua. Akawapisha bibi na mumewe wapite, akazunguka, akasimama tena mwisho wa mstari.